Kipepeo cha Bwana Harusi

Kombo alishawapiga video maharusi wengi kwenye magofu ya boma la kale, lakini hakuna aliyemchefua kama Faki. Taa nyekundu ya kamera ikiwaka, Faki alimpepea mkewe kwa kipepeo cha ukindu, meno yote nje. Taa ikizima, mkono nao ulilegea. Na bibi harusi, Mwanakheri, ndiye aliyeagiza video ya mambo kama yalivyo, mtu asipangwe akae vipi! Kombo alimdharau na yeye. Anataka ukweli, na hamwoni mwigizaji aliyekaa naye.

Jua lilipozidi, Kombo aliiweka kamera juu ya ukuta uliobomoka, ubavuni mwa Mwanakheri, ikimwelekea Faki, ili ajifute jasho. Aliiacha ikirekodi. Mwanakheri akanyoosha kidole chenye hina, akaiziba ile taa.

"Imezima?" Faki akauliza.

"Imezima."

Papo hapo Faki akakigeuza kipepeo, akajipepea mwenyewe. Mama mkwe, aliyekuwa akipika nyuma ya boma tangu alfajiri, akaja na maji ya kumpa bintiye.

"Lete huku hayo maji," Faki akasema. "Halafu sogea kule, mama. Unanuka moshi."

Mama akampa, akasogea.

Kombo akaona haya, akanyoosha mkono aizime kamera.

"Iache hapo hapo, kaka," Mwanakheri akasema taratibu, bila kumtazama.

Faki alikuwa akigugumia maji. Wanja wa Mwanakheri ulianza kuchuruzika kwa jasho, lakini kidole hakikutikisika, na chini yake taa iliendelea kuwaka.