Koti Lililokataa Kukaa

Mshono wa bega la kushoto nilishaufumua mara mbili, na bado koti lilikataa kukaa.

"Fundi umezeeka," mume wangu alinitania mbele ya kioo. "Anayeolewa ni binti yetu, anayetetemeka ni wewe."

Nilikuwa nimebana pini mdomoni. Nikapitisha mkono chini ya koti, niusawazishe mshono kwa ndani.

Mshono haukuwa na kosa. Nyuma ya bega lake palikuwa na uvimbe, laini wenye ugumu ndani, kama yai la kuchemsha lililomenywa.

Daktari wake wa saratani alikuwa ametuambia uboho wa mifupa yake umetulia. Kisha akanitazama mimi, akaonya: ugonjwa huu unaweza kutoka kwenye mifupa ukaota kwenye nyama. Mkiona uvimbe popote, msingoje siku ya kliniki.

Nikazitema pini kiganjani. Kwenye kioo, mume wangu hakuwa anacheka tena.

"Lipanue hapo kidogo tu, mke wangu," akasema taratibu. "Harusi ipite kwanza."

Alikuwa anajua.

Nikamvua koti. Nikachukua mkasi mkubwa, nikalipasua mgongo mzima, toka kola hadi chini.

"Vaa viatu," nikamwambia.