Mgeni wa Lundo la Tatu

Mkaguzi hakuuliza njia. Alishuka kwenye pikipiki, akauruka ule ubao mbovu wa mtaroni, akayapita malundo mawili ya kwanza ya mbolea na kwenda moja kwa moja kwenye la tatu, lile lililoiva. Akazamisha mkono hadi kiwiko.

Mbwa, ambaye hata ndugu wa mume huwatoa mbio, alimnusa viatu akarudi kulala.

Huyu kweli anaijua kazi, mwenye kiwanja aliwaza. Mumewe hakujua lolote kuhusu ujio huu. Miaka sasa anamwomba watafute cheti cha kilimo hai, na jibu ni lile lile. "Mbolea yetu watu wanaijua kwa pua. Cheti cha kazi gani?"

Na si mume peke yake. Mdogo wake wa kike, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, naye alimkatisha tamaa. "Dada, achana na hayo. Utagombana na shemeji bure." Akamsikiliza. Angeachaje kumsikiliza? Kila mwaka akienda kumtazama shangazi yao, mdogo mtu ndiye aliyekuja kumshikia kiwanja, tena bila kunung'unika.

Basi akanyamaza, na angenyamaza mpaka leo kama mwenye kitalu cha miche, mteja wake wa kwanza kabisa, asingemgeuka. Alimkuta anapakua magunia ya mbolea nyingine, yenye nembo ya cheti.

"Usinichukie, mama. Wateja wanataka cheti. Na hii nzuri kama yako, hata harufu ile ile."

Iliuma, jamani. Mtu uliyempa gunia la kwanza bure ajaribu, leo anakwambia usimchukie. Mjini nako, kwa maneno ya mume, biashara ilikuwa imelala. Mwenye kitalu akiondoka, kiwanja kinafungwa. Alilia njia nzima, akafika nyumbani akashika uma wa kugeuzia mbolea na kugeuza lundo zima kwa hasira.

Asubuhi akapiga simu ofisi ya ukaguzi.

"Kile kiwanja cha nyuma ya tanuri la matofali?" sauti iliuliza.

"Hicho hicho."

"Nitakuja Alhamisi. Kukagua tu kama kawaida, usihangaike."

Akadhani ndivyo watu wa ofisini wanavyoongea. Alhamisi ilimfaa, maana mume angekuwa mjini na magunia. Safari hizo hakuwahi kumchukua. Barabara mbovu, alisema, utaumia mgongo.

Sasa alimwandama mkaguzi huku akieleza hata asiyoulizwa: kinyesi cha kuku wanaolishwa dawa ameacha kununua, plastiki anaokota kwa mkono, lundo haligeuzwi kabla ya kupimwa joto. Alijisikia vibaya. Kumzunguka mume wake mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo! Lakini cheti kikitoka ataelewa, na mwenye kitalu atarudi.

Mkaguzi akakung'uta mkono. "Mbolea haina neno. Sijawahi kuikosoa."

"Kwa hiyo cheti tutapata?"

"Hiki mlichonacho kitaongezewa muda tu." Akaangaza macho mlangoni. "Lakini wenyewe siwaoni leo. Bwana na mkewe."

"Bwana yuko mjini. Mkewe ni mimi."

Mkaguzi akatabasamu, kama mtu aliyetaniwa.

"Wewe ni dada wa mkewe. Mmefanana mno, usinidanganye. Mumewe alishanieleza, dada mtu ndiye kibarua wao."