Chumvi Kabla ya Chai

Siku hizi hazaliwi mtoto asiyefagiliwa. Ndiyo sheria. Mimba ikiwa changa, madaktari wanaiondoa jeni mfu, ile nakala mbovu inayolala jirani na jeni hai, na kuisahihisha hai ikiwa imeshaharibika. Zisipotenganishwa, hizi mbili huweza kubadilishana vipande wakati mbegu za uzazi zinapoumbwa, na mfu akamwachia hai makosa yake.

Binti yangu Tunu alizaliwa kabla ya sheria, na makosa hayo anayo. Mwili wake haushiki chumvi. Asipopewa dawa na chumvi yake, analegea hata kuzimia.

Kwa hiyo nyumbani kwetu, kila asubuhi kabla ya chai, sote tunalamba chumvi. Baba yake ndiye aliyeanzisha, mtoto asijione peke yake.

Asubuhi ya kwanza ya mdogo wake Shaibu, kabla sijamzuia, Tunu alichovya kidole kwenye kisahani cha chumvi, akamgusisha mdomoni. Kichanga kikakunja uso, kikalia.

"Mama, haitaki!"

"Haihitaji, mwanangu. Yeye kafagiliwa."

Tunu alimfuta mdomo taratibu kwa ncha ya kanga yangu, akimbembeleza mpaka akanyamaza.

"Walikitoa kile nilicho nacho mimi?"

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo.

"Sasa mimi ningechelewa kuzaliwa, hii chumvi mngeilamba na nani?"

Baba yake akasogeza kisahani katikati ya meza. Tukalamba tena, sote watatu, na chai ikapoa.