Sauti ya Mama Ukutani

Siku hizi anayepelekwa ng'ambo kikazi hupewa nyumba yenye sauti ya mama yake ukutani, na mama naye huku kwao huwekewa ya mwanawe, wasipate upweke. Ndiyo sheria, na swichi ya kuzima haipo.

Basi Mwanatumu hajamaliza hata kupanga khanga zake kabatini huko Osaka, ukuta ukamuuliza, "Umekula, mwanangu?"

"Nyamaza! Mama yangu yuko Pangani!"

Hasira zikampanda, akampigia mama yake papo hapo.

"Mama, hii ofisi iliyonileta huku imekuibia sauti! Ulikubalije?"

Mama akamjibu, "Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Mama, si wakati wa shikamoo huu!"

"Mwanatumu wangu hanisemeshi hivyo. Yuko hapa ukutani, asubuhi kaniamkia, kanijulia hali ya goti. Wewe ndiye uliyemwibia sauti, mwizi mkubwa we!"

"Mama, ni mimi! Shikamoo, mama! Shikamoo!"

Simu ilikwisha kukatwa.

Mwanatumu akaupiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachubuka.

"Marahaba, mwanangu," ukuta ukaitikia kwa upole.