Poda Aliyoikataa Khuê

Jamani, hili hamtaliamini, ila lilitokea kabisa, hapahapa kwetu Hải Phòng. Khuê aliikataa poda kwa mara ya tatu.

Mamake, Thoa, alirudi dukani saa nane mchana, hata nywele hajachana.

"Nhàn, mdogo wangu, nibadilishie rangi. Hiyo namba ishirini na tatu hataki."

Muuzaji akacheka. "Dada Thoa, si ndiyo rangi yake? Rangi yenu nyote wawili!"

"Anasema inamfanya mweusi. Anataka ishirini na moja, ile nyeupe zaidi. Uso ung'ae kama kioo, kama wale wadada wa tamthilia za Kikorea."

"Siku hizi wote ni hivyohivyo. Jana kuna mzee kamnunulia mamake rangi ya mdomo ya waridi, Kikorea tupu. Bibi wa miaka tisini na mbili!"

Thoa hakucheka. Miaka miwili aligombana na binti yake kwa ajili ya weupe huo. Siku ya mwisho alizoa vipodozi vyake vyote, akatupa jalalani. "Uso niliokuzaa nao unakutosha!" Khuê akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga. Sasa Thoa alitaka kitu kimoja tu: asamehewe.

"Kakwambia lini?" Nhàn akauliza.

"Leo hii, nimejilaza baada ya chakula. Kasimama mlangoni, kajifunika uso kwa mikono. Namwambia ingia, mwanangu. Haingii."

Nhàn akatoa boksi la ishirini na moja: poda, krimu, rangi ya mdomo, hata kioo kidogo.

"Andika jina lake kamili juu," akasema taratibu. "Wenzake huko wasije wakamnyang'anya."

Thoa aliandika. Akimpa hii, huenda asiuone tena ule uso wa maji ya kunde aliouzaa. Asipompa, mtoto hataingia ndani.

Nyumbani, mbele ya geti, aliliweka boksi kwenye kopo la bati, akawasha kiberiti. Poda, krimu, kioo, vyote vya karatasi, vikashika moto mara moja. Moshi ukapanda kumpelekea huko kwa wafu, ndiyo desturi yetu, kama ulivyompelekea zile tatu za kwanza tangu wamzike baada ya ile safari ya pikipiki.

Ungekuwa wewe, ungemchomea namba ipi?