Ushahidi wa Kitenge

Siku hizi mfugaji akinyimwa ruzuku, rufaa yake huamuliwa na ng'ombe mwenyewe. Kola ya shingoni humpa mnyama sauti, naye maneno huyaokota humo humo nyumbani anamofugwa.

Ambakisye alinyimwa ruzuku kwa sababu ya makovu mbavuni mwa Kitenge, ng'ombe wake wa maziwa. Na asubuhi ya rufaa alikuwa amemchapa tena kwa sababu ng'ombe huyo aliipiga teke ndoo ya maziwa, hivyo afisa wa ruzuku alipoingia zizini, Ambakisye alitokwa jasho.

"Kitenge, huyu bwana anakutunzaje?"

Ng'ombe alimtazama Ambakisye kwanza. "Ananitunza vizuri, kaka. Niliteleza tu kisimani. Sina neno."

Afisa akaangua kicheko. "Hongera, mzee, umeshinda! Ila mimi leo nimeitwa kaka na ng'ombe!"

Ambakisye hakucheka. Maneno yale aliyajua. Ndivyo mke wake, Tusekile, alivyomjibu kaka yake Pasaka iliyopita, alipomuuliza jicho limevimbaje.

Aligeuka. Tusekile alikuwa amesimama nyuma yao na chupa ya chai, macho chini, akivuta mkono wa sweta ufunike kiwiko.

"Karibuni chai," alisema kwa upole. "Mume wangu, hongera."