Kiganja Begani

Tangu madini ya faraja yaanze kutiwa kwenye maji ya bomba, kila aliyeoga alishinda akihisi kiganja cha mtu begani, kwa jinsi yalivyoamsha vihisi vya ngozi. Wapweke walishukuru. Mwantumu alikuwa na mume, kwa hiyo yeye yalimchanganya tu.

Asubuhi hiyo alikuwa anakanda unga wa chapati, bega lina joto lake la kila siku.

"Mama Zuhura, nimekushika kitambo," mumewe akasema nyuma yake. "Mbona hugeuki?"

Mwantumu akasita, vidole vimegandwa na unga.

"Hebu toa mkono kidogo, Baba Zuhura, nione tofauti."

Akasubiri. Kiganja kilikuwa kimetulia palepale.

"Toa basi."

"Nimeshatoa," mumewe akajibu, sauti ikitokea mlangoni.